Boksi Lililo Juu ya Kabati

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Salamu hizi zikukute mzima, umeshiba na umevaa soksi. Mimi mama yako sijambo, ila goti la kushoto limerudia maringo yake, likiona ngazi linanuna. Dada yako hajambo, shemeji yako hajambo, na mtoto wao ameota jino la kwanza na tayari amemng'ata daktari. Nimewaambia huyo kachukua kwa mjomba wake, hakubali kushikwashikwa.

Habari zako nazitangaza kama kawaida yangu. Karani wa posta aliniuliza, "Huyo mwanao huko anafanya kazi gani hasa?" Nikamwambia, anatengeneza kompyuta zinazotengeneza kompyuta. Akagonga muhuri, akanihesabia chenji.

Boksi la mazabodi bado liko juu ya kabati la vyombo, maandishi yake ya dhahabu yakitazama mlango. Kila Jumamosi nalifuta vumbi. Mgeni hajakaa vizuri keshauliza lile ni nini. Namwambia, lile ni boksi la ubao mkubwa ulio ndani ya kompyuta yangu, ule ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. Cherehani yangu niliyoiuza ndiyo iliyoununua na mwanangu ndiye aliyeufunga kwa mikono yake, wiki moja kabla hajasafiri. Cherehani siijutii. Cherehani ilishona sketi, huu ubao unachapa mitihani.

Ndiyo, mitihani. Mwalimu mkuu amenipa kazi ya shule nzima, madarasa yote, mwaka mzima. Mama wa Fotokopi wa kona ile alikuwa anaimezea mate kazi hiyo, na bado mate yanamtoka. Karatasi za kwanza zinatakiwa katikati ya Mei.

Sasa sikiliza. Kompyuta imeanza kuzimika yenyewe. Haisemi kwaheri. Ninachapa, mara kioo cheusi, najiona uso wangu mwenyewe. Na kile kidirisha ulichoniwekea pembeni, ulichosema kitanionyesha joto la ndani na mwendo wa feni, hakionyeshi namba hata moja. Kimeandika "joto" kisha vistari, "feni" kisha vistari. Kama mtoto aliyeitwa ubaoni akasahau jibu.

Niambie cha kufanya. Simu yako nikipiga inaita mpaka inachoka, basi niandikie. Ni afadhali pia, maana amri za mashine sitaki kutajiwa herufi hewani. Ziandike, nami nitazinakili moja moja. Mimi ni wa darasa la sita lakini mwandiko wangu unajulikana.

Jambo dogo la mwisho: sweta langu la buluu hulijui lilipo? Nimepekua nyumba nzima.

Mama yako

*

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za jino. Pole na goti, usipande ngazi bila sababu. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi. Simu haturuhusiwi kuwa nazo saa za kazi na nikitoka nakuwa nimechoka, usinielewe vibaya.

Kuhusu kompyuta, nadhani tatizo ni vumbi. Tena najua umeifunika na kile kitambaa ulichokifuma. Kitoe mama. Mashine inapumua kwa nyuma na kwa juu, ukiifunika unaiziba pua.

Hivyo vistari visikusumbue. Kwenye mazabodi kuna vihisi, yaani vidude vidogo vinavyopima joto na kuhesabu mizunguko ya feni, halafu programu inavisoma. Kwenye ubao wa bei kubwa kama huo, wakati mwingine programu inashindwa kuvisoma. Ni pambo tu lile, hata mimi hapa yangu wakati mwingine haisomi. Ukipenda kifunge kidirisha kabisa.

Ila nakuomba kitu kimoja: usimruhusu mtu kufungua kasha. Mafundi wa mtaani wana mikono mizito. Nikija nitaliangalia mwenyewe.

Msalimie dada.

Mwanao

*

20 Machi

Mwanangu wa pekee wa kiume,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara tatu na ya nne nimemsomea jirani, nikiruka pale pa kitambaa. Sisi hatujambo. Mtoto sasa anasimama kwa kushika meza. Shemeji yako amepaka ukuta wa mbele rangi ya kijani, ukiuona utadhani ni duka la dawa, lakini mkwe hasemi.

Kitambaa nimekitoa. Wiki sita nilikifuma kile, chenye maua ya pembe nne, sasa kimelazwa kwenye mkono wa kochi kama mgonjwa. Nimefuta vumbi kwa brashi ya rangi, mbele, nyuma, juu. Kompyuta ikanishukuru siku mbili. Siku ya tatu ikazima nikiwa swali la thelathini na nane la hesabu ya darasa la tano. Nimechapa upya. Ikazima tena palepale, kama vile nayo hesabu haiipendi.

Sikufungua kasha, nimekutii. Lakini nilimwita fundi wa redio, yule mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, aangalie kwa nje. Alikaa kwenye kiti changu, akaniomba chai, akaiagiza mashine itafute upya vihisi vyake. Alizungukazunguka nayo, mwisho kidirisha kikaacha vistari kikatoa namba. Moyo ukaruka. Kusoma, joto digrii mia moja ishirini na saba, feni sifuri. Mia moja ishirini na saba, na mimi kiganja changu kiko juu ya kasha, moto wenyewe kama wa pasi iliyozimwa kitambo. Fundi akasema, "Hii inaropoka. Inatafuta vidude mahali ambapo havipo." Akaniuliza ubao ni wa aina gani. Nikamwonyesha boksi juu ya kabati. Akalitazama, akasema, "Mama, hilo ni boksi. Mimi nimeuliza ubao."

Nilimwambia, mzee, mwanangu huyo anatengeneza kompyuta zinazotengeneza kompyuta, na ubao aliotia ni wa boksi hilo, usiniletee. Akamaliza chai yake akaondoka, hakudai kitu.

Basi niambie, fundi hakosi neno, kile kichipu kinachokusanya vipimo kwenye ubao huu kinaitwaje? Nitajie jina lake tu. Anasema mashine ikiambiwa jina sahihi itasoma, na tutajua kama ni joto au ni ugonjwa mwingine. Nina mtihani wa madarasa manne bado, mwanangu. Mei si mbali.

Sweta hukunijibu.

Mama yako

*

2 Mei

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nimehamishiwa kitengo kingine na mambo yalikuwa mengi. Hali ya hewa huku ni baridi bado. Nimefurahi mtoto anasimama.

Hiyo mia moja ishirini na saba ni namba ya uongo. Programu ikiuliza mahali ambapo hapakuunganishwa na kitu, inarudishiwa namba kubwa kuliko zote inazozijua. Kwa hiyo iache. Na sifuri ya feni nayo ni hivyo hivyo, usiiamini.

Jina la kichipu silikumbuki, zipo aina nyingi. Si lazima ulijue. Weka feni ya mezani ielekee nyuma ya kasha, chapa kwa vipande, hifadhi kila mara. Desemba nikipata ruhusa nitakuja nitengeneze mwenyewe.

Na yule mzee wa redio, mama, tafadhali. Redio ni redio. Asifungue.

Mwanao

*

19 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Hapa wote tunapumua. Mtoto ametembea hatua nne, dada yako amelia, mimi sikulia kwa sababu nilikuwa nimeshika sufuria.

Feni ya mezani niliiweka kama ulivyosema. Ilipeperusha karatasi nyumba nzima.

Jumatano iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kochi karibu na kitambaa, kofia magotini. Zilibaki kurasa mbili za darasa la saba. Nikamwambia, dakika ishirini tu mwalimu, mashine yangu ni ya mwanangu, ile unayoiona boksi lake pale. Akatazama juu. Kompyuta ikazima. Nikaiwasha, ikazima kabla haijaamka. Nikaiwasha tena. Mara ya tano akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti ya kumwambia mzazi mtoto wake kafeli, "Mama, watoto wanafanya mtihani kesho." Akachukua karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akainuka. Kutoka dirishani nilimwona akivuka barabara kuelekea kona ya Mama wa Fotokopi. Hakukimbia, ila alikuwa anakaza mwendo.

Kazi ya mwaka mzima imeenda. Jioni yule mwanamke alipita mbele ya nyumba yangu akaniamkia kwa heshima. Bora angenicheka.

Sitaki kukuandikia mengi leo. Nina swali moja, na nataka ulijibu kwa mkono wako mwenyewe. Ubao uliomo ndani ya kompyuta yangu ndio ule wa kwenye boksi?

Jibu lolote nitalipokea. Mimi ndiye niliyekufuta pua, hakuna kitu chako kinachoweza kunitisha. Lakini nijibu.

Mama yako

*

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa yaliyotokea kwa mwalimu mkuu. Nimesikitika kweli. Natumaini atabadili mawazo, kazi yako ni safi kuliko ya yule jirani.

Swali lako limenishangaza. Ndiyo mama, ni uleule. Ungekuwa upi mwingine? Labda ubao umezeeka tu, vifaa vya umeme vinachakaa, hata vya bei kubwa. Huyo fundi asikutie maneno.

Desemba sitaweza kuja, kuna kazi maalumu. Labda mwakani.

Msalimie dada na mtoto.

Mwanao

*

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mtoto anatembea na kuanguka, anatembea na kuanguka. Goti limetulia. Shemeji yako amechoka na kijani, sasa anasema atapaka njano.

Nimepokea jibu lako. Sasa nami nikupe habari zangu, kwa mpangilio, kama unavyopenda mambo yako.

Siku ile ile ya mwalimu mkuu, kabla chai yake haijapoa, nilimwita fundi wa redio nikamwambia, fungua. Alitoa skrubu nne akaziweka kwenye kisosi. Akaondoa ubavu wa kasha, akaangaza tochi, kisha akanipa mimi tochi. Mwenye macho haambiwi tazama. Ubao wa humo ndani ni wa kijani kilichopauka, una doa la kutu pembeni na kipande cha kibandiko cha duka la vitu chakavu. Hauna dhahabu hata ya kusingiziwa. Feni iliyo juu ya kichipu kikubwa, ubongo wa mashine, ilikuwa imekufa, haizunguki kabisa, imejaa manyoya ya vumbi. Ile sifuri uliyoniambia nisiiamini ndiyo peke yake iliyosema kweli katika habari yote hii.

Hapo nilikuwa bado nakutetea. Nilisema labda mwenye duka alimdanganya mwanangu, akamtilia ubao mbovu kwenye boksi zuri. Fundi hakubisha. Akawasha mashine ikiwa wazi, akiipepea kwa jalada la daftari isizime, akafungua faili linalosomwa kila kompyuta inapoamka. Akaniita. "Mama, hii nani ameandika?" Palikuwa na mstari mmoja. Juu yake pameandikwa tarehe, siku mbili kabla hujasafiri. Mstari unailazimisha mashine ijitambulishe kwa jina la ubao wa kwenye boksi. Mtu yeyote akiiuliza wewe ni nani, ijibu jina la dhahabu. Fundi akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba: kwa sababu ya mstari huo programu ilikuwa inakwenda kutafuta vihisi mahali vilipo kwenye ubao ule mwingine, na kwenye huu hapo hapana kitu. Akasema, "Unamwita mtu kwa jina la jirani yake, halafu unamlaumu haitiki."

Nilimwambia afute. Akasema, "Futa wewe, ni mashine yako." Nikafuta, herufi moja moja, kwa kidole hiki. Tukaizima tukaiwasha. Kidirisha kikaandika: joto tisini na sita, feni sifuri. Mara moja, bila kubembelezwa. Ilikuwa inaungua tangu Februari, mwanangu, na ilikuwa tayari kusema. Wewe ndiye uliyeifunga mdomo.

Feni mpya fundi aliitoa kwenye mashine yake iliyokufa. Sasa ninapokuandikia joto ni arobaini na tatu na feni inazunguka mara elfu moja na mia moja kwa dakika. Naziandika kwenye daftari kila asubuhi, kama nesi. Huyu wa darasa la sita anajua kusoma vihisi, mwambie na huyo bosi wako.

Utasema bado sina ushahidi wa ubao wa dhahabu ulikwenda wapi. Kesho yake dada yako alileta ile picha uliyomtumia Aprili, picha ya chumba chako. Aliileta kwa furaha, mama njoo uone mwanao anavyoishi. Niliivalia miwani. Kitanda, dirisha, meza, na juu ya meza kompyuta yako iko wazi ubavuni, na ndani yake ubao wenye maandishi yale yale ninayoyafuta kila Jumamosi. Chini ya kompyuta umetandika sweta langu la buluu. Nikajua na ulivyousafirisha. Uliufunga humo usivunjike. Ulikuwa mwangalifu, sikukatalii.

Dada yako hakuona kitu, na sikumwambia.

Kwa hiyo nilipokuuliza mwezi wa Mei, jibu nilikuwa nalo mkononi, nimelishika pamoja na kalamu. Nilitaka unipe tu na wewe. Nilikupa nafasi, nikakaa wiki saba nikisikiliza kengele ya baiskeli ya posta. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kukusamehe, yalikuwa mazuri, sitayaandika hapa.

Ungeniomba. Hicho ndicho kinachoniuma, cherehani hainiumi, wala mwalimu mkuu. Ungesema, mama, huko ninakokwenda nauhitaji ubao huu, nibakizie ule wa zamani, ningeufunga kwenye hilo sweta mimi mwenyewe na kukutilia karanga pembeni. Kisha ningewatangazia wote kwamba mwanangu amesafiri na ubao wake. Ungekuwa na ubao, nami ningekuwa na la kusema. Lakini uliona ni rahisi zaidi mimi niendelee kujisifu mbele ya wageni, nikionyesha boksi tupu, na wewe ukijua ni tupu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Niliambiwa nikiwa na mimba yako nikacheka.

Karani wa posta ameniuliza juzi kama bado unatengeneza zile kompyuta zinazotengeneza kompyuta. Nimemwambia ndiyo. Usidhani ni kwa ajili yako. Mimi ndiye ninayeishi mtaa huu.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ni boksi. Nimelifuta vumbi kwa mara ya mwisho, pembe zake zote nne ni nzima. Ubao unatakiwa ukae na boksi lake, ukitaka kuuza siku moja watakuuliza. Mahali pake juu ya kabati nimerudisha kitambaa changu.

Ubao kaa nao. Sweta nirudishie, huku nako kumeanza baridi.

Mama yako